Magunia Saba Chini ya Turubai

Jumatano, baada ya magharibi. Mvua imekatika tangu alasiri lakini mabati bado yanadondosha. Mikono yangu inanuka karafuu zilizoungua. Nimeiosha kwa sabuni, nikaisugua kwa ndimu, na harufu iko pale pale.

Nina hofu iliyochelewa kuja. Asubuhi, pale ilipotakiwa, haikuwepo. Imenijia sasa nimeshakaa nyumbani, mlango umefungwa.

Leo nilikaribia kumfunga mtu kwa sababu nilitaka awe yeye.

Niandike polepole. Majina yote nimeyabadilisha, na kijiji sikitaji. Pemba ni ndogo. Anayejua atajua, na asiyejua hapungukiwi na kitu.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi ni polisi, koplo wa upelelezi, mwanamke pekee katika chumba chetu. Niite Riziki. Mume wangu Hamad anasomesha jiografia sekondari. Mwaka jana kaka yake aliyeko Maskati alituletea kompyuta kuukuu, na ndani yake mlikuwa na gemu la polisi la zamani, la enzi za disketi, picha zake zina miraba miraba kama mkeka. Hamad alitaka kulifuta apate nafasi ya mitihani yake. Nikamwambia angoje kwanza nione polisi wa nchi za wenzetu wanafanyaje kazi.

Nilidhani nitapiga watu risasi. Wapi!

Katika gemu hilo wewe ni sajini katika mji wa ng'ambo, mji wa baridi. Kila unachotaka kufanya unakiandika kwa Kiingereza: fungua, tazama, uliza, chukua. Kabla ya kutoka kituoni lazima usaini redio. Ukifika kwenye tukio uandike saa. Uchore ramani. Upige picha. Ndipo ushike kitu, tena kwa glavu, ukitie kwenye mfuko, uandike jina lako juu ya mfuko. Ukimkamata mtu umweleze haki zake. Kiingereza changu cha shule kilikuwa kimelala usingizi mzito, nimekiamsha kwa gemu hili, kamusi ya Hamad mapajani, na umeme ukikatika kabla sijahifadhi naanza upya.

Ubaya wake ni kwamba halikemei. Ukikosea linanyamaza. Linakuacha uendelee, umehoji mashahidi, umepata bunduki, umemtia mtu pingu, unajiona hodari. Halafu mahakamani wakili anasimama na kuuliza: bilauri hii ilipigwa picha kabla ya kuinuliwa? Hukupiga. Hakimu anamwachia muuaji, na yanatokea maandishi meupe ya kukwambia umeshindwa.

Wiki iliyopita ndivyo nilivyoshindwa. Nililia kweli, Hamad akacheka mpaka akakaa chini. Mara ya kabla ya hiyo nilimkamata mtu kwa sababu alinijibu kwa jeuri na alikuwa na kesi ya zamani. Gemu halikunizuia. Yeye akiwa ndani, mwanamke wa pili akauawa, na muuaji ni mtu mwingine kabisa.

Basi nikaandika hatua zote kwenye karatasi na kuibandika juu ya friji. Kazini wakasikia. Sasa wananiita Sajini wa Kompyuta, na mimi nacheka nao.

Asubuhi ya leo hakuna aliyecheka.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimefika, mwavuli bado unachuruzika mkononi, mkuu wangu akaniita. Alikuwa ameshika simu, amefunika sehemu ya kuzungumzia kwa kiganja. Akaniambia ghala la karafuu la Bwana Nassor limeungua alfajiri, na watu wameshamjua aliyelichoma. Ni Shaame. Magunia saba yamekutwa nyuma ya nyumba yake.

"Nenda na Khatib mkamlete," akasema. "Upesi, kabla hawajamuua."

Nikatoa daftari. Kabla ya tarehe, kabla ya saa, nikaandika: Mtuhumiwa, Shaame. Nikapiga mstari chini yake. Kalamu ilikaribia kutoboa karatasi.

Hapa lazima niseme kitu ambacho sijawahi kukiandika.

Shaame namjua. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikimwita Ami Shaame. Yeye na marehemu baba walikuwa wakichuma karafuu pamoja, na jioni walikuwa wakikaa kwenye baraza yetu wakibishana mpira wa redioni. Kisha vikaja vyama vingi. Aliyekua kisiwani hana haja ya kuelezwa. Duka lile ni lao, hununui. Msikiti huu wetu, ule wao. Harusi ya jirani unaisikia ngoma na hutoki nje. Baba alikuwa upande mmoja, Ami Shaame upande wa pili, na salamu ikafa baina yao.

Baba alifariki katika mwaka uliokuwa mbaya kuliko yote. Jeneza lilitoka nyumbani na watu wachache hivi kwamba waliolibeba hawakupata wa kuwapokea njiani. Niliona kwa dirisha. Niliwahesabu migongo. Ami Shaame hakuwamo.

Tangu siku ile, nikikutana naye natazama upande wa pili. Mambo yamepoa sasa, watu wanazikana tena, wanaoana tena. Mimi sikupoa.

Kwa hiyo nilipopanda pikipiki nyuma ya Khatib, mvua inanipiga usoni, moyo wangu ulikuwa mwepesi. Khatib ni konstebo mtu mzima, amebakiza muda mfupi astaafu, na njia nzima hakusema kitu isipokuwa mara moja: "Afande, mbona leo una haraka hivyo?"

Tulisikia kelele kabla hatujaona nyumba.

Ghala limebaki kuta za mawe. Mabati yamekunjana na kuangukia ndani, moshi unatoka katikati yake ukipigwa na mvua. Lina milango miwili. Wa mbele unatazama nyumba ya Bwana Nassor, wa nyuma unatazama uwanja wa Shaame, na katikati palikuwa na ua wa makuti ambao watu walikuwa wameshauangusha. Babu yake Bwana Nassor, mtu wa asili ya Omani, alikuwa na mashamba makubwa. Mjukuu amebakiwa na mikarafuu michache na ghala hilo. Alikuwa amesimama peke yake chini ya upenu wake, kanzu ya msikitini imemganda mwilini.

Wanaume kama hamsini walikuwa wameizunguka nyumba ya Shaame. Baadhi walikuwa na mapanga ya kufyekea. Mmoja alishika dumu la mafuta ya taa na hakulificha. Sheha, kiongozi wa serikali wa hapo, alikuwa amesimama mlangoni, mikono kaitandaza kwenye miimo, na nyuma yake ndani mke wa Shaame, Bi Mize, analia kwa sauti ya juu. Shaame mwenyewe alikuwa amekaa kwenye baraza. Mkono wa kulia umezungushiwa kanga. Hakumtazama mtu yeyote.

Khatib akaenda kusimama pembeni ya Sheha, kirungu mkononi. Mimi nikaitwa nyuma ya nyumba.

Aliyeniita ni Suleiman, mpwa wa Bwana Nassor, mtu wa miaka arubaini hivi, mwenye sauti. Alikuwa ameshika pembe ya turubai la buluu. Chini yake magunia yamepangwa mstari, saba.

"Njoo ujionee mwenyewe, Afande. Kaiba kwanza, kisha katia moto apoteze njia. Kayafunika na turubai kabisa! Haya, wenzangu, kamateni, tunayarudisha kwa mwenyewe."

"Hakuna mtu kushika," nikasema.

Ningependa kuandika hapa kwamba nilikuwa natafuta haki. Nilikuwa nafikiria bilauri ya kwenye gemu. Nilikuwa nafikiria wakili atakayesimama na kuuliza magunia haya yalikutwa wapi, yamekaa vipi, nani aliyahamisha. Nilitaka kesi ya Shaame ikae imara, hakimu asipate tundu la kumtolea. Nilifuata hatua zote kwa chuki.

Nikatazama saa. Saa moja na dakika ishirini asubuhi. Nikaandika. Nikaanza kuchora: nyumba, ghala, milango, ua ulioanguka, magunia, kinu cha Bi Mize kilichosimama hatua mbili kutoka hapo. Matone yanaangukia karatasi, naifunika kwa mtandio.

"Anachora!" mtu akapiga kelele nyuma. "Ghala la watu linaungua, yeye anachora!"

Suleiman akainama akashika masikio ya gunia la mwanzo. Wengine wawili wakaja upande wa pili. Nikawaambia tena wasiguse. Hawakusikia, au walisikia. Khatib alikuwa mbele ya nyumba, hanioni.

Nikakaa juu ya gunia.

Sijui nilivyofika pale. Nilikuwa nimesimama, kisha nimekaa, na baibui langu limejaa tope mpaka magotini.

"Haya," nikasema. "Ninyanyueni na mimi."

Suleiman akaachia kama aliyeshika chungu cha moto. Hakuna mwanamume pale ambaye angenishika mbele ya wenzake, na wote tulijua. Lakini tonge la udongo likatoka kwenye kundi likanipiga begani. Likaja jingine, likapita karibu na sikio. Nikasikia mtu anataja dumu. Nikasikia mwengine anasema nyumba ni ya makuti, haichukui muda.

Nilipiga ukelele wa kumwita Khatib, na sauti yangu haikuwa ya koplo.

Alikuja mbio na nyuma yake akaja imamu wa msikiti wa pale, mzee mwembamba aliyefunga kilemba cha mvua, yaani mfuko wa plastiki juu ya kofia. Nikakamata nafasi hiyo. Nilihitaji saa ya moto kwa ajili ya daftari langu, basi nikamuuliza mbele ya wote. Watu walinyamaza kwa heshima yake.

"Mzee wangu, moto mliuona saa ngapi?"

"Tulipotoka alfajiri. Ndiyo kwanza unachomoza juu ya paa."

"Na mvua ilikuwa imeshaanza?"

"Ilianza tuko rakaa ya pili. Niliisikia juu ya bati, nikafupisha sura, nikijua watu wameanika karafuu zao nje."

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo wiki nzima hakuna hata tone. Uliza yeyote."

Nikaandika maneno yake kama alivyoyasema. Nikamwomba yeye na Sheha wasimame karibu wawe mashahidi, Khatib akazuia watu, nikainuka. Tukainua gunia la mwanzo, mimi upande mmoja, Sheha upande wa pili.

Chini yake palikuwa na tope.

Sikuelewa. Nililitazama tope lile kwa hasira, kama mtu aliyejibiwa swali ambalo hakuuliza. Tukainua la pili. Tope. La tatu, tope, na majani yaliyolowa yamegandamana nalo. Na sasa nikaona magunia yenyewe: yana matundu madogo yaliyoungua kwa cheche, na ubavu mmoja wa kila gunia una masizi.

Halafu nikaona kinu.

Kinu cha Bi Mize ni kizito, cha shina zima. Nikamuuliza Sheha kama kimehamishwa leo. Akasema kinu hicho hakijaondoka hapo tangu Ramadhani. Nikakilaza kwa magoti. Chini yake palikuwa na duara la vumbi kavu, jeupe, na siafu wawili wanakimbia huku na huku.



Kama magunia yangewekwa hapo usiku, au wakati wowote kabla ya moto, ardhi iliyo chini yake ingekuwa kavu kama ya chini ya kinu. Yaliwekwa baada ya mvua kuanza. Mvua ilianza rakaa ya pili. Watu walipotoka msikitini moto ulikuwa unachomoza. Yaani magunia yalitolewa ghala likiwaka, kwa mlango wa nyuma, huku wanakijiji wote wakikimbilia mlango wa mbele. Na aliyeyatoa aliyafunika turubai karafuu zisilowe.

Sheha alinitazama. Alikuwa ameshaelewa kabla yangu.

"Ntu huyu alikuwa akiokoa," akasema kwa sauti ya chini.

Niliandika. Mkono ulikuwa hautaki.

Kuna sehemu yangu, nakiri hapa, iliyotaka kukirudisha kinu mahali pake na kunyamaza. Sheha na imamu ni watu wazima, wangesubiri mimi niseme. Ilidumu kwa muda wa kuvuta pumzi mara mbili au tatu. Sitaki kuisahau.

Nikamwacha Khatib na magunia, nikaingia ghalani. Kuta bado zilikuwa na joto. Sehemu iliyoungua vibaya kuliko zote ilikuwa kona ya karibu na mlango wa mbele, pale yalipokuwa majamvi. Nikapembua majivu kwa kijiti. Nikaona shaba. Kitako cha taa ya chemni ya mafuta, kioo chake kimeyeyuka kikaganda kama asali pembeni. Nikachora, nikaandika saa, nikaitia kwenye mfuko na kuandika jina langu juu yake.

Nilipotoka na mfuko, mtu wa kwanza kuuona alikuwa Bwana Nassor.

Nimehoji watu wengi. Sijaona uso ukianguka vile.

"Ndiyo taa ya huyo mchomaji!" akasema Suleiman.

"Bwana Nassor," nikasema, "hii taa ni ya nani?"

Akanionyesha kwa kidevu twende pembeni, tukasimama nyuma ya tangi la maji. Alizungumza akitazama viatu vyake. Aliingia ghalani kabla ya adhana kugeuza karafuu, kama afanyavyo kila siku. Akasikia msikitini wanakimu, sala inaanza. Akatoka mbio asikose rakaa ya kwanza, taa akaiacha inawaka juu ya jamvi. Hata katika sala aliikumbuka, akajiambia atarudi upesi.

"Nilipotoka tu nikajua," akasema. "Wallahi nilitaka kusema. Lakini nafika, tayari wanalitaja jina la Shaame. Sauti zikawa nyingi. Kila nikifungua mdomo, zimeongezeka."

"Na dumu la mafuta unaliona?"

"Naliona."

"Kawaambie."

"Waambie weye, Afande. Weye ndiye serikali."

"Nikisema mimi, watasema nimempendelea. Wataniacha niondoke, kisha wataichoma nyumba. Lazima itoke kwako."

Akafunga macho. Mvua ilikuwa inateremka kwenye ndevu zake. Nilikuwa na hakika atakataa, na nilikuwa sina hatua nyingine. Karatasi yangu ya juu ya friji haina mstari wa mtu kama yule.

Akaondoka bila kuniaga. Akapanda kwenye kipande cha ngazi cha ghala lake lililoungua.

"Taa ni yangu," akasema.

Hakuna aliyemsikia. Watu walikuwa wanazozana na Khatib.

"Taa ni yangu! Moto ni wangu mimi! Nimeiacha taa mwenyewe!"

Walinyamaza kutoka mbele kwenda nyuma, kama maji yanavyotulia. Suleiman akabaki mdomo wazi. Akauliza, na sasa sauti yake ilikuwa ndogo: "Na magunia, mjomba?"

Nikawaita wote nyuma ya nyumba. Sikuhutubia. Nilionyesha chini ya gunia, nikaonyesha chini ya kinu, imamu akarudia maneno yake ya rakaa ya pili. Mtu mwenye dumu akalisogeza kwa mguu nyuma ya mwenzake. Wengine wakaanza kuondoka mmoja mmoja, bila kuaga, wakitazama njia. Suleiman alikwenda mpaka barazani kwa Shaame, akasimama mbele yake, akashindwa kusema, akaondoka.

Shaame hakumtazama hata yeye.

Nilimwambia Shaame kwamba mkono wake unahitaji hospitali, na baada ya hapo nitaandika maelezo yake, kama shahidi. Nilisema neno shahidi kwa sauti ya watu wote kusikia. Gari ya mchanga ilikuwa inashuka mjini Chake, ikatuchukua.

Pale hospitali muuguzi alipoifungua ile kanga niligeuza uso. Kiganja chote. Vidole vimevimba. Magunia saba ya karafuu, mwanamume wa miaka sitini, peke yake.

Tulipokuwa tumekaa kwenye benchi tukisubiri dawa, nilimuuliza. Sikuwa na daftari.

"Kwa nini hukusema? Walikuwa wanakuja kukuchomea nyumba, na wewe umekaa kimya."

Akafikiri.

"Ulipofika, mimi nilikuona unavyonitazama," akasema. "Ningekwambia, ungeniamini?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilifungua mdomo kabisa.

"Hapana," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa bei aliyoitarajia.

"Na kwa nini uliingia? Si mtu unayesalimiana naye."

"Niliona moto. Ntu akiona moto hufikiri nini? Nikavunja kufuli kwa shoka." Akautazama mkono wake. "Saba tu. La nane lilinishinda."

Muuguzi alipita. Nilidhani mazungumzo yamekwisha. Kisha akasema, akitazama ukuta wa mbele yetu:

"Siku ya babako nilitoka nyumbani."

Sikugeuka.

"Nilivaa kanzu, nikatoka. Nikafika hadi njia panda. Wenzangu walikuwa wamekaa pale, wamekaa makusudi, wakitazama nani anakwenda. Hawakunambia kitu. Mmoja alinisalimia tu, akanitaja kwa jina. Nikasimama. Nikasikia kule wanaanza kuleta shahada, jeneza limetoka. Nikarudi nyumbani." Bado anatazama ukuta. "Sikuja, mwanangu. Sina la zaidi. Sikuja."

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia Shaame kwa miaka mingi. Nimeyasema peke yangu nikipika, nikifua, nikiwa zamu. Yote yalikuwepo pale kwenye ulimi. Sikutamka hata moja. Dawa ikatoka, nikasimama kuipokea kwa niaba yake, kwa sababu mkono wake ulikuwa umefungwa.

Kituoni nikaandika maelezo yake, kurasa tatu. Alitia saini kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala. Bwana Nassor naye alikuwa amekuja na Khatib kuandika ya kwake. Wakakutana kwenye kibaraza. Nasikia watu mtandaoni wanapenda hadithi za kukumbatiana, basi niseme ilivyokuwa: hawakukumbatiana. Bwana Nassor alisema, "Shaame." Shaame akasema, "Nassor." Wakasimama wote wawili wakitazama mvua. Kisha ikatokea gari ya kurudi kijijini yenye nafasi ya mtu mmoja, Bwana Nassor akasema nenda wewe, una mkono, na Shaame akaenda.

Mkuu wangu alisoma daftari. Akafika kwenye ule ukurasa wa kwanza, jina lenye mstari chini yake, limeandikwa kabla ya tarehe. Akaniuliza hii ni nini. Nikamwambia: hilo niliandika kabla ya kwenda. Akaniambia hata yeye alimtaja Shaame kwenye simu kama mtu aliyekwishahukumiwa. Akafunga daftari akanirudishia.

Sasa hivi Hamad ameuliza kama aniwashie kompyuta, umeme upo, na sajini wangu bado yuko kwenye chumba cha maiti akisubiri amri. Nimemwambia leo hapana. Kule ukikosea unarudi pale ulipohifadhi. Nimemwomba akae na mimi tu, na amekaa, anasahihisha ramani za wanafunzi na hanisemeshi.

Nina mengi ya kujiuliza, na moja halinitoki tangu hospitali. Njia panda ile naijua. Nimepita pale mara elfu. Kama siku ile aliyekufa angekuwa mtu wa upande wa pili, mtu niliyekula naye na kucheka naye, na wenzangu wamekaa pale, wananitazama, mmoja akaniita kwa jina langu, akanisalimia tu.

Ningepita?

Leo asubuhi, kwa pumzi mbili tatu, nilisimama mbele ya kinu nikataka kunyamaza, na hapakuwa na yeyote aliyenizuia isipokuwa mimi. Basi naandika jibu langu hapa, mahali ambapo yeyote anaweza kulisoma, nisije kulibadilisha baadaye: sijui, Ami Shaame. Wallahi sijui.